Hakuna Jipya

21 Novemba, Ijumaa

Leo jua halikuchomoza. Saa sita mchana tulisimama madirishani kutazama wekundu nyuma ya mlima, kisha kila mtu akarudi kitini kwake. Hatutaliona tena mpaka katikati ya Januari. Kila mwaka siku hii nafungua daftari, na nalifunga jua likirudi. Bila hivyo giza linaniingia kichwani.

Nina la kujisifu, kwa hiyo nalianza nalo. Tangu halmashauri yetu ya Hamnvåg iunganishwe na ya Yttersida, ng'ambo ya mlima, kazi yangu imekuwa kupatanisha mifumo miwili isiyotaka kupatana. Daktari anatumia mfumo wa kampuni moja ya Oslo. Wauguzi wanaozunguka majumbani kwa wazee wanatumia mfumo wa kampuni ya Bergen. Kati yao nimeweka kiunganishi, programu ndogo inayoingia kwenye hifadhidata ya daktari, inauliza kama kuna dozi iliyobadilika, na kuipeleka kwenye vishikwambi vya wauguzi. Kiunganishi ni cha Oslo. Bergen wanasema toleo hilo hawajalithibitisha. Oslo wanasema leseni yake haikuandikwa kwa ajili ya mfumo wa Bergen. Nilipowauliza kama kitafanya kazi, kila mmoja aliniambia kwa njia yake: kitafanya, ila usije ukatuuliza.

Kinafanya kazi. Bosi wangu Kjell-Arne alinipigia makofi mbele ya watu wote wakati wa vafeli. Ijumaa saa tano na nusu wauguzi wote wanarudi kituoni kutoka barabarani, siku hizi hata wale wa Yttersida, wanachomeka vishikwambi vyao kwenye kabati la chaji, halafu tunakula vafeli, keki bapa za moto, kwa jamu na jibini ya kahawia. Asiyetokea anapigiwa simu kuulizwa kama anaumwa.

24 Novemba

Theluji. Kiunganishi kinaenda vizuri.

27 Novemba

Theluji. Nimempigia baba. Anasema hajambo, na kwamba ninapiga simu kama mwenye nyumba anayedai kodi.

2 Desemba, Jumanne

Nimeandika tarehe mara mbili.

Jumapili jioni bibi Borghild, mgonjwa wetu wa Yttersida, alikutwa sakafuni jikoni kwake. Damu ilikuwa imevujia kichwani. Helikopta ilimchukua, yuko hai, lakini upande wa kulia haufanyi kazi na maneno hayatoki. Alikuwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Daktari Sunniva alimpunguzia dozi Ijumaa asubuhi, kutoka vidonge viwili hadi nusu. Jumamosi na Jumapili alipewa viwili.

Aliyempa ni Jorunn, muuguzi wa Yttersida mwenye miaka ishirini na kitu kazini, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya fjodi, ule mkono wa bahari. Leo aliletwa ofisini kwangu na Kjell-Arne.

"Ingvild, nakuambia kishikwambi kilisema viwili," alisema. "Viwili! Mimi si kipofu."

"Sasa hivi kinasema nusu."

"Sasa hivi ni Jumanne! Mimi nakuambia habari za Jumamosi."

Nilifungua rekodi. Kishikwambi chake kiliuliza Ijumaa mchana, kikajibiwa: hakuna jipya. Nikamweleza kwamba basi dozi mpya ilikuwa imeshachukuliwa mapema asubuhi ile, ndiyo maana mchana hapakuwa na jipya.

"Basi kilidanganywa," alisema Jorunn.

"Na nani?"

"Wewe ndiye mtu wa mitambo, unaniuliza mimi?"

Kjell-Arne aliniuliza moja kwa moja: je, mashine inaweza kukosea? Nikasema haiwezi. Nilisema haraka, kama mtu anayefunga mlango upepo usiingie. Rekodi za asubuhi ile sikuziona, kwa sababu mfumo wa Bergen hufuta kila kitu Jumatatu na kubakiza jibu la mwisho tu. Hilo sikulisema. Jorunn amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe.

3 Desemba

Ninaogopa kwamba ni kiunganishi. Nimeliandika. Sasa nalala.

4 Desemba

Nimepiga Oslo. Kijana mwenye sauti tamu aliniambia rekodi za upande wao zipo, lakini hawezi kunifungulia kwa kuwa tunatumia kiunganishi pamoja na mfumo usiokubaliwa. Nimepiga Bergen. Bibi mmoja akaniambia mfumo wao uko sawa kabisa, labda nijaribu kuwauliza Oslo.

"Nimetoka kuwauliza," nikasema.

"Ooh, pole," akasema, na akanitakia Krismasi njema.

Nimemwandikia Kjell-Arne kuomba tununue leseni pana, ile inayoruhusu mifumo ya nje na yenye msaada ndani yake. Amejibu kwa neno moja: "Machi."

9 Desemba

Upepo. Baba amepelekwa kwa daktari. Moyo wake unapiga ovyo ovyo, kama injini yenye maji kwenye mafuta, ndivyo alivyosema mwenyewe, na alikuwa fundi wa injini maisha yake yote. Sunniva amemwanzishia dawa. Ni ileile ya Borghild.

10 Desemba

Baba yangu, Edvin, ana miaka themanini na minne na anaishi peke yake Yttersida, ng'ambo ya daraja, nyumba ya mwisho kabla barabara haijaisha baharini. Muuguzi ataenda kwake kila siku mchana, aweke vidonge vya jioni kwenye kikombe chekundu. Baba anavimeza saa moja jioni taarifa ya habari inapoanza. Si kabla, si baada. Ndivyo alivyo.

Nilikwenda kumwona. Nikakuta mezani mikate ya samaki, bado ya moto.

"Kaleta Jorunn," akasema. "Kafukuzwa kazi lakini miguu anayo."

Niliogopa mpaka nikakosa adabu. Nikamwambia: "Baba, akija tena usimfungulie. Usile chake, usinywe chake, usimsikilize habari za dawa. Yule mama ni hatari."

"Jorunn? Nilimjengea kibaraza!"

"Baba. Niahidi."

Alinitazama sana. Akasema, "Haya. Nimekuahidi." Mikate akaisogeza kando. Baba akiahidi, ameahidi. Hata marehemu mama alikuwa anamkwepa kwenye mambo ya ahadi.

12 Desemba, Ijumaa

Vafeli. Watu hawataji jina la Jorunn. Kiti chake wamekisogeza ukutani na juu yake wameweka makoti.

15 hadi 18 Desemba

Kila asubuhi nampigia Sunniva anisomee dozi za wagonjwa wote wa dawa ile, nami nalinganisha na kishikwambi kimojawapo. Jumatatu sawa. Jumanne sawa. Jumatano sawa. Leo Alhamisi sawa. Sunniva anauliza kama sina kazi nyingine. Nikamwambia hii ndiyo kazi. Usiku ninaota kikombe chekundu.

19 Desemba, Ijumaa

Leo sikulinganisha, kulikuwa na vafeli na zawadi za Krismasi. Nilipata soksi.

25 Desemba

Kwa baba. Giza, theluji, mbavu za kondoo. Alimeza vidonge mbele yangu saa moja kamili, akanionyesha ulimi kama mtoto. Nilicheka, halafu nikaenda bafuni kulia.

Ana doa la bluu kwenye mkono, kubwa kuliko kiganja. Anasema aligonga mlango. Nikamuuliza mlango upi. "Mlango wa mbao," akasema.

6 Januari

Barua ya uchunguzi imetoka: Jorunn hakusoma kishikwambi kwa uangalifu. Msingi wake ni maelezo yangu ya ukurasa mmoja. Nimeisoma, imesimama vizuri, sentensi zimenyooka, lakini kila nikiisoma narudi palepale. Yule mama hakuwahi kukosea dozi hata moja tangu nilipokuwa shule. Kwa nini akosee siku mbili tu, tena mfululizo, na kwa mgonjwa mmoja tu?

8 Januari

Nimekutana na Jorunn dukani, kwenye maziwa. Nilidhani atanitukana. Aliniuliza tu, "Baba yako anaendeleaje? Siku hizi hanifungulii."

Nikasema hajambo. Nikasahau maziwa.

13 Januari

Oslo wameniambia nikitaka bei ya leseni mpya watanitumia, pamoja na maelezo ya leseni tuliyo nayo. Nimesema watume.

16 Januari, Ijumaa

Naandika yote, kwa mpangilio, kwa sababu hakuna kingine ninachoweza kufanya usiku huu.

Leo ni siku ya jua. Kwa kalenda lilipaswa kuchungulia saa sita kasoro kwenye pengo la mlima, na kituoni walikuwa wameagiza maandazi ya jua, yale yenye jamu ndani. Lakini tangu alfajiri kulikuwa na dhoruba, hatukuona hata mlima wenyewe. Maandazi yalikuja hivyo hivyo. Wauguzi walikuja wote, na wale wa zamu ya usiku pia, kwa kuwa siku ya jua hakuna anayekosa. Kabati la chaji lilijaa mpaka vingine vikachomekwa ukutani.

Nilichelewa, nilikuwa nasoma barua ya Oslo. Bei sikuitazama. Chini kabisa walikuwa wameandika kwamba leseni yetu ni ya miunganiko mitano kwa wakati mmoja, na kwamba kwa siku za kawaida hatuvuki mitatu, kwa hiyo hatuna haja ya kupanua. Ombi la sita hukataliwa kwa namba ya kosa. Namba yenyewe waliiandika.

Nikaifungua orodha ya namba za Bergen. Namba ile haimo. Na kwa Bergen, namba yoyote wasiyoijua kutoka nje ina maana moja tu: hakuna jipya.

Nikasikia watu wanaimba wimbo wa jua sebuleni. Nikaenda mbio mpaka kwenye kabati la chaji. Kila kishikwambi kilichochomekwa hufungua muunganiko wake na kukaa nao mpaka kichomolewe. Viwili, vinne, vitano, sita, nane, tisa, taa za kijani zote, vizuri kabisa. Vitano vya kwanza vilikuwa ndani. Vilivyobaki vyote viligonga, vikafukuzwa mlangoni, na vikaandika kwa furaha kwamba hakuna jipya. Kishikwambi kikishaandika hivyo siku ya Ijumaa, hakiulizi tena mpaka Jumatatu. Na Ijumaa asubuhi ndipo Sunniva anapobadilisha dozi, ili wikendi iwe salama.

Ni vafeli. Mungu wangu, ni vafeli. Desemba nililinganisha wiki nzima isipokuwa siku moja, siku ambayo nilikuwa nakula pamoja nao. Na Jorunn alisoma alichoandikiwa.

Nilipiga kelele wavichomoe vyote. Watu walicheka kwanza, wakadhani ni mchezo wa siku ya jua. Kjell-Arne alisema, "Ingvild, kula andazi kwanza." Nikalipiga andazi lake chini. Tukaviwasha upya ili viulize tena, tukavichomeka kimoja kimoja, na dozi mpya zikaanza kuingia. Nikampigia Sunniva nimuulize nani amebadilishwa leo.

"Watatu," akasema. "Wawili wa hapa mjini. Na baba yako. Dawa yake nimeizuia kabisa mpaka Jumatatu. Damu yake imekuwa maji, Ingvild, naogopa kichwa. Kidonge kimoja zaidi sikitaki."

Eirin, muuguzi wa upande ule, alikuwa ameshakula andazi lake mapema na kuondoka, ili avuke mlima kabla hawajafunga barabara. Kishikwambi alikuwa nacho, kikiwa kimeshaandika hakuna jipya. Nilimpigia, hapatikani. Nilimpigia baba, mnara wa simu wa kule mwisho ulikuwa umezimika. Barabara ya mlima ilifungwa saa saba. Polisi wakasema watakwenda barabara ikifunguka. Helikopta haikuweza kuruka. Saa tisa Eirin aliibuka kwenye simu, yuko kwake, mwisho wa zamu, upande wa ndani wa daraja. Daraja nalo limefungwa nyuma yake.

"Nimemwekea kikombe kama kawaida," akasema. "Vidonge viwili. Kwani vipi?"

Ng'ambo ya daraja, upande wa baba, nilijua mtu mmoja tu ambaye simu yake bado inashika. Nilikaa chini sakafuni nikampigia.

"Jorunn, ni Ingvild. Usikate."

Hakukata. Nikasema yote bila kupumua: miunganiko mitano, namba, vafeli, kikombe chekundu, saa moja. Nikasema ulisema kweli na mimi nilisema uongo. Nilikuwa nasubiri anitukane, nilitaka anitukane.

"Sasa hivi saa kumi," akasema. "Gari halipiti. Kwa miguu ni mwendo wa saa mbili, upepo ukiwa mgongoni."

"Upepo uko wapi?"

"Usoni," akasema, akakata simu.

Ilikuwa imepita nusu saa ndipo nilipokumbuka. Niliahidiwa. Mimi mwenyewe nilimwahidisha baba: usimfungulie, usimsikilize habari za dawa, yule mama ni hatari. Nilimpigia Jorunn nimwambie la kumwambia baba, jina la utani la mama, chochote ambacho baba angejua kimetoka kwangu. Alikuwa ameshaingia kwenye eneo lisilo na mtandao.

Saa moja ilipofika taarifa ya habari ilianza hapa kwangu pia. Mtangazaji alisema kaskazini leo ni siku ya jua, akatabasamu. Niliizima, nikaiwasha tena, kwa sababu baba alikuwa anaitazama.

Sijui kitu. Ninaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na siwezi hata kusali vizuri, kwa kuwa kila nikianza naona mlango wa baba umefungwa na mtu mnene amesimama nje kwenye theluji, na ndani mzee ananitii.

17 Januari, Jumamosi

Barabara ilifunguliwa asubuhi, magari kumi nyuma ya greda la theluji. Langu lilikuwa la pili. Njia nzima nilikuwa nasema "baba" kwa sauti, peke yangu.

Alifungua mlango mwenyewe. Nilimshika kichwa kwa mikono miwili nikamtazama macho, nikamwambia acheke, ainue mkono, aseme jina lake.

"Edvin," akasema. "Na wewe umeacha gari katikati ya barabara."

Kikombe chekundu kilikuwa mezani, na vidonge viwili ndani yake.

Akanisimulia huku anamimina kahawa. Jorunn alifika saa moja kasoro kidogo, akagonga. Baba akamwambia kupitia mlangoni, "Siwezi kukufungulia, nimeahidi." Jorunn akasema, "Sawa, usifungue. Usimeze tu." Baba akasema na hilo pia ameahidi, asimsikilize. Jorunn akasema hata kumsikiliza si lazima, yeye atasema tu. Akawa anasema. Usimeze, Edvin. Mpaka habari zikaanza, usimeze, Edvin. Mpaka hali ya hewa, usimeze. Wala hakuomba kuingia.

"Nilikuwa na kikombe mkononi," baba akasema. "Nikawaza, mtu anayetaka kuniua hawezi kusimama kwenye baridi ile kuniambia nisimeze kitu. Anayetaka kuniua angekaa kwake."

"Ukamfungulia?"

Baba akaitazama kahawa yake. "Nilikuahidi," akasema. "Nilimwambia sitameza. Akashukuru. Akaondoka."

21 Januari

Nimeandika upya maelezo yangu, kurasa tisa, na kuyatuma kwa Kjell-Arne, kwa Sunniva na kwa watoto wa Borghild. Vishikwambi sasa vinachomekwa vitano vitano, na mlinzi wa kabati ni mimi. Oslo wanasema leseni iliandikwa wazi. Bergen wanasema namba ile si yao. Kuhusu hilo tu kampuni zote mbili zinakubaliana, kwamba hakuna aliyekosea. Kjell-Arne amesaini leseni pana bila kusubiri Machi.

Jorunn yuko nyumbani anaumwa kifua, vidole viwili vya mguu vimekufa ganzi. Hapokei simu yangu.

23 Januari, Ijumaa

Sikwenda kwenye vafeli. Nilivuka mlima.

Kulikuwa kweupe, hakuna wingu. Saa sita kasoro nilikuwa mbele ya nyumba ya Jorunn, kwenye kibaraza alichojenga baba, na jua likatoka kwenye pengo, dogo, likapiga mlango wake na mkono wangu uliokuwa unagonga.

"Nani?" akauliza ndani.

"Ni Ingvild."

Nilisikia hatua zake, moja nzito, moja ya kuburuta, zikaja mpaka mlangoni. Zikasimama. Hakufungua. Nilimsikia anapumua upande ule, na najua alinisikia.

Sikugonga tena, wala sikuondoka. Jua liliingia nyuma ya mlima na baridi ikaja. Yeye alisimama nje kwa baba mpaka mwisho wa taarifa ya habari, na mimi siku nzima sina pa kwenda.